Barua 14 za kuomba tenda, hakuna hata jibu moja. Tatizo ni mpangilio au maneno?

#1 Mama Mashudu
Wakuu habari za jioni. Nipo Singida, nina kimashine changu cha kukamua alizeti, mimi na kaka yangu pamoja na vijana wawili. Mafuta tunachuja vizuri na wateja wa rejareja wanarudi wenyewe bila kuitwa. Sasa nataka wateja wa jumla, shule za bweni na hosteli, maana kule ukipata mmoja tu unakuwa na uhakika wa mwezi mzima.

Tangu mwezi wa tano nimepeleka barua 14. Nyingine kwa mkono wangu, nyingine kwa basi. Majibu sifuri, hata "tumeipata" hakuna. Nimeanza kuamini kuna kitu nakosea, naiweka hapa muisome kama ilivyo:

*"YAH: KUOMBA TENDA YA KUSAMBAZA MAFUTA*
*Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Mimi ni mjasiriamali mdogo ninayejishughulisha na ukamuaji wa mafuta ya alizeti. Kwa heshima na taadhima naomba unipatie tenda ya kusambaza mafuta katika shule yako. Mafuta yangu ni bora na bei yangu ni nafuu. Nitashukuru sana endapo ombi langu litakubaliwa.*
*Wako mtiifu,"*

Anwani yangu iko juu kulia, ya kwao kushoto, tarehe ipo, sahihi ipo, kichwa cha habari nimekipigia mstari. Kama nilivyofundishwa shuleni. Tatizo ni nini? Naomba kuwasilisha.

#2 Kipanga wa Sinza
Tatizo hujuani na mtu. Bongo hii barua ni ya kujaza faili, tenda inatoka kwa simu. Pole dada.

#3 Kalamu Nyeusi
Kipanga usimkatishe tamaa mwenzio mapema hivyo.

Mama Mashudu mpangilio wako hauna shida kubwa, shida ni hiyo "husika na kichwa cha habari". Ni sentensi ambayo msomaji ameiona mara elfu, na anapoiona tena macho yanaruka. Ile sehemu ya kwanza ya barua ndiyo kama mlango wa duka, wewe umeufunga. Ifute kabisa. Anza na jambo lenyewe.

#4 Mwl. Tarumbeta
Napingana kidogo na #3. Nimefundisha uandishi wa barua miaka mingi, "husika" siyo kosa, tatizo ni watu wanaitumia kama chumvi. Na pia YAH si sahihi, siku hizi inatakiwa KUH.

#5 Chaza wa Likoni
Hamjambo majirani. Sisi huku Mombasa shuleni tulifunzwa MINT, yaani mintarafu, na wengine KUH. Hiyo YAH niliiona mara ya kwanza kwenye barua ya kutoka Tanga nikadhani ni jina la mtu.

#6 Kalamu Nyeusi
Hahaha Chaza umenifurahisha.

Mwalimu, YAH ni kifupi cha "yahusu" na KUH ni "kuhusu", zote zinafanya kazi moja. Kosa ni kuandika "YAH: KUHUSU MAOMBI YA..." hapo umesema kitu kimoja mara mbili. Ni kifupi tu kama ilivyo Re ya Kiingereza ambayo ni kifupi cha regarding.

#7 Msomi wa Usiku
Re siyo kifupi cha kitu chochote mkuu. Ni neno kamili la Kilatini, linatokana na res, maana yake jambo au shauri. Mahakamani wanaandika "in re" mpaka leo. Watu wakaanza kudhani ni kifupi kwa sababu linafanana na mwanzo wa hayo maneno mengine.

#8 Kalamu Nyeusi
Hapo nimejifunza, asante.

#9 Mzee wa Masijala
Wanangu mnagombania YAH na KUH wakati hamjui barua inakwenda wapi ikishaingia mlangoni. Nimekaa masijala ya ofisi ya umma hadi nimestaafu, niwaeleze ilivyo.

Barua inafika pale dirishani. Karani anagonga muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, anaiandika kwenye rejista, anaitafutia jalada na kuipa namba ya folio. Jalada linapanda kwa bosi. Bosi siku hiyo ana majalada thelathini mezani. Hasomi barua neno kwa neno, hakuna bosi wa hivyo, anaangalia mambo matatu: nani ameandika, kichwa cha habari, na aya ya mwisho inataka nini. Kisha anachukua kalamu nyekundu anaandika pembeni, "Mhasibu, shughulikia" au "Bursa, tuonane" au "Ihifadhiwe". Hiyo ya mwisho ndiyo kaburi la barua.

Sasa mama, kichwa chako kinasema KUOMBA TENDA YA KUSAMBAZA MAFUTA. Mafuta gani? Kiasi gani? Mafuta ya taa? Aya ya mwisho inasema utashukuru. Bosi ataandika nini pembeni hapo? Ukishukuru yeye hana la kufanya. Ataandika "Ihifadhiwe" na hajakuonea. Kazi ya barua yako ni kumpa huyo mkubwa maneno ya kuandika pale pembeni. Ukiandika mwishoni "naomba siku ya kuleta lita moja jikoni ipimwe na mpishi", atamwandikia bursa "mpangie siku". Umemrahisishia.

#10 Mama Mashudu
Mzee wangu shikamoo. Hili la kalamu nyekundu limeniingia. Kweli mwishoni sikuomba chochote cha kufanyika, nilishukuru tu.

#11 Mzee wa Masijala
Marahaba mwanangu. Na unapopeleka kwa mkono chukua nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi ukiulizia wiki ijayo wanakuambia haijafika na huna pa kusimama.

#12 Kipanga wa Sinza
Mzee wa Masijala na mihuri yake, ungeachiwa ungegonga hata chapati. Lakini nakubali, nakala yenye muhuri iliwahi kunisaidia kwenye kesi ya kodi ya fremu.

#13 Dokta wa Masoko
Wakuu, mambo haya yana sayansi yake. Wanaofundisha mauzo wana kanuni inaitwa AIDA, Wamarekani walianza nayo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwanza umshtue msomaji ageuke, pili umpe shauku, tatu atamani, nne umwambie afanye nini. Barua ya mleta mada haina hata moja kati ya nne. Anza na kitu kikubwa, mfano "Je, unajua wanafunzi wako wanastahili mafuta salama?"

#14 Bursa Mstaafu
Dokta hapana, hapana kabisa. Mimi nimekuwa bursa wa shule ya bweni ya masista miaka 11. Barua ikianza kwa kuniuliza "je, unajua" naiweka pembeni palepale. Unaniambia sijui kazi yangu? Barua ya ofisi siyo tangazo la redio. Umshtue kwa hesabu, usimshtue kwa maswali.

Ngoja nikupe nilichokuwa nakiwaza mimi kila mwezi. Nina watoto 400. Ukipiga mililita 20 kwa kichwa kwa siku, hiyo ni lita 8 kwa siku, mwezi lita 240, sawa na madumu 12 ya lita 20. Usingizi ulikuwa unakatika kwa vitu viwili tu: mafuta yasifike Jumatatu mpishi akaniita mbele ya watoto, na bei ipande katikati ya muhula wakati ada zimeshapangwa. Ubora? Kila mtu anaandika "mafuta bora". Nafuu? Kila mtu ni nafuu hadi ufike dukani kwake. Barua yako imejaa mambo yako wewe, mimi ni mjasiriamali, mimi naomba, mimi nitashukuru. Yangu mimi bursa hayamo.

#15 bintiKigoma
#14 umemaliza. Nimeisoma mara mbili.

#16 Mama Mashudu
Bursa Mstaafu asante sana, hii hesabu ya mililita 20 sikuwahi kuifikiria. Yaani ningeweza kuandika idadi ya madumu kwa ajili ya shule husika hata kabla hawajaniuliza?

#17 Bursa Mstaafu
Ndiyo. Idadi ya wanafunzi unaijua kwa kuuliza mlinzi tu. Ukiniandikia "kwa shule yenye wanafunzi takribani 400 tunakadiria madumu 12 kwa mwezi" najua huyu mtu amekaa akafikiria shule yangu. Hata kama umekosea nitakupigia nikurekebishe, na hapo tayari tumeshaongea.

#18 Msomi wa Usiku
Niongeze kitu kimoja hapa. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake, New York, walichapisha jaribio la kwenye mashine ya fotokopi. Mtu anakwenda mbele ya foleni anaomba apitishwe. Akiomba tu bila sababu, waliokubali asilimia 60. Akitoa sababu, "kwa sababu nina haraka", asilimia 94. Na akitoa sababu isiyo sababu, "kwa sababu nataka kutoa kopi", asilimia 93! Kwa hiyo mama weka tu neno "kwa sababu" kwenye barua, linafanya kazi lenyewe.

#19 Kalamu Nyeusi
Aisee 93! Hii nachukua.

#20 Takwimu za Nyumbani
Msomi umeishia njiani na hiyo nusu uliyoacha ndiyo inayomhusu huyu dada. Hizo namba ni za ombi dogo, kurasa 5. Walipoomba kurasa 20, bila sababu wakakubali asilimia 24, sababu ya uongouongo ikabaki 24 hiyohiyo, sababu ya kweli ndiyo ikapanda hadi 42. Yaani ombi likiwa dogo mtu anakubali bila kufikiri, likiwa zito anasikiliza sababu yenyewe. Tenda ya zaidi ya milioni kwa mwezi ni kurasa 20 hiyo, siyo 5.

#21 Msomi wa Usiku
Sahihi, nakubali. Sehemu ya pili sikuiweka.

#22 Dokta wa Masoko
Na bado hiyo haikatai AIDA. Hata hesabu ya bursa ni njia ya kumfanya mtu ageuke.

#23 Fundi Mzani
Mi naona wote mnazunguka, kitu cha kwanza ni makaratasi. Shule inataka kuona TIN yaani namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, risiti ya mashine ya kodi ya EFD na cheti cha TFDA, wale wa chakula na dawa, kwa sababu ni chakula. Ambatanisha kopi hata barua iwe mistari minne watakuita.

#24 bintiKigoma
TFDA haipo mkuu. Tangu 2019 imekuwa TMDA na kazi yake ni dawa na vifaa tiba, mambo ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango. Akiambatanisha cheti kimeandikwa TFDA leo watajua ni cha zamani.

#25 Fundi Mzani
Sawa, TBS. Hoja ipo palepale.

#26 bintiKigoma
Ipo na mimi naiunga mkono. Mama kama bado hujapata alama ya TBS anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo mkoani, wao wanatoa barua ya utambulisho kwa wajasiriamali wadogo kwenda TBS. Mimi nilipitia huko na dagaa wangu.

#27 Mama Mashudu
TIN na leseni ninavyo, jina la biashara lipo. TBS walikuja wakachukua sampuli nasubiri. Kwenye barua sikutaja chochote kwa sababu nilijua wataniuliza wakinihitaji.

#28 Bursa Mstaafu
Wasipokuuliza ndiyo inaishia hapo dada. Taja, ila usiseme alama unayo kama bado, mtu akipekua akakuta siyo kweli umejifungia mlango na shule jirani zote, mabursa tunaongea. Andika "sampuli ziko TBS, majibu yakitoka nitawaletea nakala".

#29 Kipanga wa Sinza
Nauliza, hizo shule ni za serikali au binafsi? Maana za serikali hata uandike kwa wino wa dhahabu, manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST tangu 2023 ule uliochukua nafasi ya TANePS. Barua haikuingizi mle, unajisajili mwenyewe unasubiri tangazo.

#30 Mama Mashudu
Tisa kati ya 14 ni za serikali.

#31 Kipanga wa Sinza
Basi tisa hizo ziliandikwa kwenye maji. Siyo kosa la lugha wala YAH. Jisajili NeST, barua peleka kwenye za binafsi na za dini.

#32 Mzee wa Masijala
Hapo Kipanga umesema neno la maana, nakupa heshima yako.

#33 Mwl. Tarumbeta
Tusisahau lugha jamani. Kuna shule za mchepuo wa Kiingereza, kule ukipeleka Kiswahili wanakuona mtu wa gengeni. Andika Kiingereza.

#34 Kalamu Nyeusi
Mwalimu wewe wa Kiswahili unasema hivyo? Serikali tangu 1967 iliamua shughuli zake ziende kwa Kiswahili, leo shule ya Singida ikatae mafuta kwa sababu ya Kiswahili?

#35 Mwl. Tarumbeta
Sijasema ni vizuri, nasema ndivyo ilivyo. Mimi Kiswahili ni maisha yangu, nakipenda kuliko wewe, lakini huyu dada ana mashine ya kulipia umeme.

#36 Chaza wa Likoni
Huku kwetu mimi huuza samaki kwa hoteli mbili za ufuoni, barua ya kwanza niliandika Kiingereza cha kukopa, nilimpa kijana wa saiba akanijazia maneno makubwa. Yule mhasibu aliponiita akaniuliza kwa Kiingereza kilekile, nikakwama. Nikamwambia ukweli barua si yangu. Akacheka tukaongea Kiswahili, na kazi nikapata, lakini ile aibu ilinikaa mwezi. Tangu hapo naandika lugha nitakayoweza kuitetea nikiwa nimesimama mbele ya mtu.

#37 bintiKigoma
Lugha nitakayoweza kuitetea nikiwa nimesimama. Hiyo nimeipenda Chaza.

#38 Bodaboda Mwandishi
Nije na yangu ambayo siyo ya tenda ila ni barua hiyohiyo ya kushawishi. Nilikuwa na mkopo wa pikipiki kwenye taasisi moja hivi, mguu ukavunjika nikakaa nyumbani miezi miwili, marejesho yakalala. Nikaandika barua kurasa tatu, nimeeleza ajali, mama mgonjwa, watoto, mvua, kila kitu na vyote ni kweli tupu. Nikajibiwa mstari mmoja, "ombi lako halijakubaliwa".

Dada yangu yeye ni karani wa mahakama akaniambia nipe karatasi. Akaandika nusu ukurasa. Juu kabisa: naomba kusogezewa marejesho mawili, ya mwezi wa nne na wa tano, yaingie mwisho wa mkataba. Chini kidogo akaweka jedwali dogo la marejesho 9 niliyolipa na tarehe zake, hakuna hata moja nililochelewa. Kisha barua ya daktari imeambatanishwa, naanza kazi tarehe fulani, nitalipa la kwanza tarehe fulani. Basi. Huruma hakuweka hata neno, ajali kaitaja mara moja. Wiki iliyofuata wakaniita kusaini. Mpaka leo naikumbuka ile karatasi, ilikuwa kama mtu amesimama wima.

#39 Takwimu za Nyumbani
Hii #38 ndiyo somo la uzi mzima kwangu. Ile ya kwanza ilimpa ofisa mzigo wa kusikitika, ya pili ikampa kitu cha kumwonyesha meneja wake.

#40 Kipanga wa Sinza
Au walikubali kwa sababu safari ya pili mguu ulikuwa umepona na waliona hela itarudi. Barua isipewe sifa zote.

#41 Bodaboda Mwandishi
Inawezekana mkuu, ila mguu haukuwa umepona, nilikwenda kusaini na magongo.

#42 Kalamu Nyeusi
Jamani tumwandikie mama barua sasa, maneno yamekuwa mengi. Nimejaribu kukusanya ya #9, #14 na #28. Rekebisheni.

*"Bursa,*
*Shule ya Sekondari (jina),*
*S.L.P. …, SINGIDA*

*YAH: MAFUTA YA ALIZETI MADUMU 12 KWA MWEZI, BEI MOJA HADI 30 NOVEMBA*

*Ndugu Bursa,*
*Kwa shule yenye wanafunzi takribani 400 tunakadiria matumizi ya madumu 12 ya lita 20 kila mwezi. Tunaweza kuyafikisha stoo kwenu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kabla ya saa 2 asubuhi, kwa shilingi 95,000 kwa dumu, usafiri ukiwa juu yetu.*

*Msimu wa mavuno tumenunua mbegu za kutosha na tumezihifadhi, kwa hiyo bei hii haitapanda hadi 30 Novemba. Kila mzigo utakuja na risiti ya EFD. Nakala za TIN na leseni zimeambatanishwa. Sampuli zetu ziko TBS na majibu yakitoka tutawaletea nakala.*

*Naomba utupangie siku moja wiki ijayo tulete lita mbili jikoni, mpishi apikie ndipo muamue. Nitapiga simu Alhamisi saa 4 asubuhi kuulizia siku hiyo.*

*Wako,"*

#43 Mzee wa Masijala
Safi. Bosi akisoma kichwa tu tayari anajua. Ila "Wako" peke yake inaning'inia, weka "Wako mwaminifu", kisha sahihi, jina kamili, cheo na simu moja inayopatikana. Namba tatu za simu zinamchanganya mtu.

#44 Mwl. Tarumbeta
Na anwani yake ya juu umeisahau. Kama hana karatasi yenye kichwa cha biashara, anwani yake ikae juu kulia, tarehe chini yake. Akiwa na karatasi yenye kichwa kilichochapwa basi kila kitu kianzie kushoto, inapendeza na hakuna kuhangaika na nafasi. Mitindo yote miwili inakubalika, asichanganye tu.

#45 Dokta wa Masoko
Mnaona? Kichwa kinageuza macho, bei inaleta shauku, mpishi anapika anatamani, Alhamisi simu. AIDA hiyo hapo imekaa.

#46 Bursa Mstaafu
Haya Dokta chukua ushindi wako, ila asingeipata kwa kuuliza "je, unajua".

#47 Fundi Mzani
Kuna kitu mmeacha, malipo. Shule zinapenda kulipa baada ya ada kuingia. Aandike analipwa lini?

#48 Bursa Mstaafu
Hapo awe makini sana. Asitangaze mali kauli kwenye barua ya kwanza. Ukiandika "mnaweza kulipa baadaye" nitakuita haraka kweli, lakini nitakulipa mwisho baada ya wote. Nasema hivi kwa uchungu maana niliwahi kuwaona wauza maharage wakifilisika kwa kutusubiri sisi. Madumu 12 kwa 95,000 ni 1,140,000, ikilala miezi miwili mashine inasimama. Suala la malipo aliongee ana kwa ana na liandikwe kwenye mkataba.

#49 Kalamu Nyeusi
Mimi ningeandika siku 14. Kukaa kimya kunampa bursa wasiwasi kuwa unataka taslimu.

#50 Bursa Mstaafu
Wasiwasi huo ndiyo utakaomfanya apige simu kuuliza.

#51 Kalamu Nyeusi
Au asipige kabisa. Hapo hatukubaliani.

#52 Mama Mashudu
Wakuu sina la kusema, mmenipa darasa. Bei nimeipiga hesabu upya na kaka, 95,000 tunaweza kuishika hadi Novemba ila siyo Desemba, mbegu zitakuwa zimepanda. Mali kauli sitataja. Naandika sita tu, za binafsi na za dini, kila moja na idadi yake ya wanafunzi. Nitaleta mrejesho.

#53 Kipanga wa Sinza
Tunasubiri. Na NeST jisajili.

#54 Mama Mashudu
Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu. Kati ya sita, wawili wameniita!

Wa kwanza ni sista mmoja bursa. Nilimuuliza kabisa kwa nini ameniita, akasema ile tarehe ya Novemba, maana alikuwa anapanga bajeti ya muhula. Halafu akaongeza kuwa mtunza stoo wake anayafahamu mafuta yetu, shangazi yake hununua kwetu sokoni.

Wa pili ni mkuu wa shule. Huyo aliniambia barua hakuisoma hadi mwisho. Nilipopiga Alhamisi saa 4 kama nilivyoandika, katibu muhtasi wake alikuwa ameshaiweka mezani kwa sababu ilisema nitapiga, na mkuu akamwambia "kama amepiga kweli mwache aje". Wengine wanne kimya mpaka sasa, na wote niliwapigia muda uleule.

#55 Kipanga wa Sinza
Hongera sana dada! Ila mmeona, shangazi wa mtunza stoo. Nilisema kwenye #2.

#56 Takwimu za Nyumbani
Hongera. Kipanga, mara ya kwanza shangazi alikuwepo na jibu halikuja.

#57 Kipanga wa Sinza
Mara ya kwanza alipeleka shule hiyohiyo?

#58 Mama Mashudu
Ndiyo, mwezi wa sita nilipeleka pale ile barua ya zamani. Sista anasema hakuwahi kuiona.

#59 Mzee wa Masijala
Haikugongwa muhuri hiyo.

#60 Dokta wa Masoko
Au iligongwa ikaandikwa "Ihifadhiwe". Amebadilisha vitu vitano kwa mpigo, kichwa, hesabu, bei, makaratasi na simu, hatuwezi kujua kipi kilivuta.

#61 Bursa Mstaafu
Bei yenye tarehe. Sista kasema mwenyewe kwa mdomo wake.

#62 Chaza wa Likoni
Na yule mkuu wa shule kasema ni simu. Hongera dada wa Singida, Mungu abariki mashine.

#63 Mama Mashudu
Asanteni sana wote. Sasa nina swali jingine, sista anataka nimpelekee madumu mawili ya majaribio Jumatano na gari letu liko gereji, itabidi yaende na basi. Mara ya mwisho dumu lilivuja likaharibu begi la mtu. Mnafungaje?

#64 bintiKigoma
Kata kipande cha nailoni ngumu, weka mdomoni mwa dumu mara mbili ndipo ukaze kifuniko juu yake, halafu zungusha selotepu pana. Lisimamishe, usikubali konda alilaze. Dagaa wa mafuta nasafirisha hivyo toka Kigoma hadi Tabora.

#65 Fundi Mzani
Na usijaze mpaka juu, acha vidole viwili, mchana buti la basi linakuwa na joto mafuta yanatanuka.

#66 Mama Mashudu
Nailoni mara mbili, vidole viwili. Jumatano alfajiri nipo stendi.